Hema Lisilovuja

Gari liliachwa bondeni, ng'ambo ya kijito, kwa sababu Mkurugenzi alisema lingeharibu picha. Hakukuwa na sababu nyingine. Halikuwa limeharibika, halikuishiwa mafuta, wala halikukwama kwenye tope. Lilikuwa kuukuu tu, na Mkurugenzi hakutaka ukuukuu huo uonekane nyuma ya hema jipya. Kwa hiyo watu wanne wazima na akili zao wakapanda kilima kile kipara kwa miguu, na nguzo za chuma, marobota ya turubai na masanduku, huku jua likiwachoma utosi.

Waliobeba walikuwa watatu, ukitaka ukweli. Wa nne alikuwa mbele, mikono mitupu, anaonyesha njia.

Cheo hicho cha ukurugenzi hakupewa na mtu. Alijivika mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa fundi mahema, anashona mahema ya harusi na misiba kwenye karakana iliyojibana nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: mashine mbili za kushonea turubai, meza ya kukatia iliyokuwa zamani mlango wa nyumba ya mtu na bado ina tundu la kitasa, harufu ya gundi, na paka asiyejulikana ni wa nani. Asubuhi moja akaingia amechomekea shati, akapigilia kibao chenye neno KAMPUNI juu ya mlango, na tangu siku hiyo akawa haitiki akiitwa fundi.

Dada yake, aliyekuwa akikata turubai kwenye meza ile tangu mdogo wake hajaota ndevu, alimpandisha akamshusha kwa macho. "Mkurugenzi wa nini?" akamuuliza. "Wa mashine mbili na paka?"

Dada huyo watu walimwita Mkasi. Wengi walidhani ni kwa ajili ya kazi, maana mkasi wake mkubwa wa chuma haukubanduka kiunoni hata akienda sokoni. Waliowahi kubishana naye walijua sababu ya pili.

Sasa alikuwa anapanda kilima na nguzo begani, anahesabu makosa ya mdogo wake kimoyomoyo kama mtu anayehesabu wageni wasioalikwa. Nyuma yake alikuja wifi yake, mke wa Mkurugenzi, mwanamke mpole aliyeamini kila alichoambiwa na mumewe, ugonjwa ambao Mkasi hakuujulia dawa. Nyuma kabisa alikuja mpiga picha, mtu mzima mwenye ndevu zilizochongwa kwa wembe, amebeba kamera na stendi yake ya chuma ya miguu mitatu, analalamikia viatu vyake vyeupe.

Na gari lenyewe? Pikapu ya karakana ilinunuliwa ikiwa tayari imechoka. Kitasa cha mlango wa abiria kiliaga dunia siku nyingi, na tangu hapo mlango ulishikiliwa na mkanda wa turubai alioushona Mkasi kwa uzi wa nta, unaovutwa na kufunguliwa na yeyote apitaye. Mkurugenzi aliuonea aibu mkanda ule kuliko suruali iliyochanika. Hata hivyo, alipoegesha kule bondeni, alifunga mlango wa dereva kwa ufunguo, akaujaribu mara ya pili, kisha akatia funguo mfukoni kwa heshima zote. Mkasi alimtazama akasonya. Mtu anafunga mlango mmoja na mwingine umefungwa kwa kamba, halafu anataka aitwe Mkurugenzi.

Walifika kileleni jua likianza kuegemea upande. Hapakuwa na mti, jiwe kubwa wala kichaka. Ni majani mafupi tu, na upepo. Kila mwenye macho angeona kwamba kitu chochote kikisimikwa pale kitakuwa ndicho kirefu kuliko vyote mpaka upeo wa macho. Mkurugenzi aliliona hilo pia, na likamfurahisha.

"Hapa," alisema, mikono kiunoni. "Mtu akiiona picha hii atauliza, hema la nani hilo? Tunalala hapa leo, kesho tunapiga nyingine jua linachomoza."

"Atauliza ni mwendawazimu gani amelisimika hapo," Mkasi alisema.

"Dada, naomba leo uniache."

Wakalisimika. Na hapa lazima jambo moja lisemwe, hata kama Mkasi asingelisema kwa kinywa chake: hema lilikuwa zuri. Lilikuwa na paa la tabaka mbili, pembe zilizoshonwa mshono juu ya mshono, na nguzo ya katikati ya chuma iliyopita juu ya paa na kubeba bendera ya kampuni. Mdogo wake alikuwa na desturi yake ya kupima kazi. Kila hema likimalizika alilisimamisha nyuma ya karakana, akatandika leso nyeupe sakafuni ndani yake, akalimwagia maji kwa mpira mpaka majirani wakalalamika. Tone moja likionekana kwenye leso, alifumua mshono wote, hata kama mteja amesimama mlangoni anagombana. Aliishi kwa neno moja: halivuji. Aliliandika kwenye kibao, akalitia kwenye simu, akalisema kwenye harusi ya watu wengine. Katika hilo tu hakuwa mwongo.

Mpiga picha alifungua miguu mitatu ya stendi akaanza kuzungumzia mwanga. Alimwambia Mkasi, "Mama, sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

"Mama yako nani?" Mkasi akamjibu, lakini akasogea.

Ni pale aliposogea ndipo alipoyaona mawingu. Yalikuwa yamejikusanya nyuma ya kilima cha pili, meusi chini na meupe juu, yamefura kama unga uliotiwa hamira. Kisha akasikia ngurumo. Ilikuwa ya mbali, nzito, ya kuvutwa, kama mtu anasukuma kabati chumba cha pili.

Mkasi alijua maana yake. Mwaka fulani radi iliwahi kupiga hema lao kwenye msiba, ikawaacha watu watatu chini, na baada ya hapo wenye mahema ya kukodisha waliitwa ukumbini kufundishwa na mwalimu wa huduma ya kwanza aliyekuja na mdoli wa mpira. Mkasi alikaa safu ya mbele. Mdogo wake alikaa nyuma, anachagua rangi ya kibao kwenye simu. Mwalimu alisema, ukisikia ngurumo tu, umeshafikiwa, ondoka. Alisema hema si nyumba, ni nguo tu. Alisema ondokeni mahali pa juu, msikae chini ya mti ulio peke yake, ingieni kwenye jengo au gari lenye paa la bati, na mkae humo nusu saa nzima baada ya ngurumo ya mwisho. Njia ya kurudi garini ilikuwa kavu, kijito kilikuwa cha kurukwa tu, na muda ulikuwepo wa kutosha.

Hakusema kitu. Alikaa juu ya sanduku akakunja mikono.

Alitaka kumwona anakimbia. Alitaka amwone Mkurugenzi mzima, shati limechomekewa, anateremka kilima kile anateleza matakoni, bendera ya kampuni mkononi. Alitaka lile tendo tu, apate la kusimulia karakanani mpaka uzee. Dharau ni tamu, na Mkasi alikuwa ameila miaka mingi bila kuvimbiwa.

Mvua ilikuja ghafla, ya upande, kama ndoo imemwagwa. Wote wanne wakajitosa ndani ya hema. Ndani mlikuwa na giza la kijani na kelele za maji juu ya turubai. Mkurugenzi akatoa leso nyeupe mfukoni, akaitandika katikati, karibu na mguu wa nguzo, akasimama miguu imepanuka, leso katikati yake.

"Tone liko wapi?" aliuliza, macho yanang'aa. "Nionyesheni tone. Wewe, piga picha hiyo leso."

"Nzuri kweli, baba," wifi alisema.

Mpiga picha alikuwa ameingiza stendi ndani. Aliigusa, akaondoa mkono kwa haraka. "Inalia," alisema. "Mbona hiki kitu kinalia?"

Wakanyamaza wakasikiliza. Stendi ilikuwa inatoa mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Mkasi akamtazama wifi yake akaona nywele zake ndogo za kando ya masikio zimesimama, zinatafuta paa. Kisha akahisi vinyweleo vya mikono yake mwenyewe vinanyanyuka kimoja kimoja.

Utamu wote ukamtoka mdomoni.

"Tokeni!" alisema. "Acheni kila kitu. Tokeni sasa hivi, tunashuka garini."

"Kwenye mvua hii?" Mkurugenzi akacheka. "Hema liko kavu, Dada. Kavu! Wewe kwa kuwa limekushinda kulisema vibaya, sasa unatafuta—"

"Radi haiulizi kama linavuja, kichwa maji wewe! Umesimika chuma juu ya kilima, na wewe umesimama chini yake!"

"Mimi sitoki kwenye hema langu mvua inapoanza. Nani atanunua hema ambalo mwenyewe kalikimbia?"

Hapo Mkasi akaelewa, na akamdharau kuliko siku zote. Mtu huyu alikuwa na adui mmoja tu duniani, nalo ni tone la maji. Hakuna kingine kilichowahi kumwingia akilini. Angekaa pale akiwa mkavu mpaka afe mkavu.

Alimshika wifi mkono wa kulia na mpiga picha ukosi wa shati, akawatoa nje. Wifi alikuwa anageuka nyuma anamwita mumewe. Mpiga picha alitaka kurudia stendi, akapigwa kofi la mgongo lililomsahaulisha. Walishuka wakiteleza, mvua inawapiga usoni mpaka hawaoni hatua mbele yao. Katikati ya mteremko palikuwa na mti mmoja, mrefu, peke yake. Mpiga picha akauona akaukimbilia kama amemwona shangazi yake.

"Siyo huko!" Mkasi alimfikia akamvuta shati mpaka vifungo vikaruka. "Unataka kwenda kumsindikiza yule wa juu? Teremka! Na msishikane, achaneni, kila mtu na njia yake. Ikitupiga isitupige wote."

Kijito cha kurukwa kilikuwa sasa kimefika magotini, cha rangi ya chai, kinabeba majani. Upande wa pili, gari lilionekana limejikunyata kwenye mvua, baya, zima, paa lake la bati linang'aa. Halijawahi kupendeza vile.

"Vukeni," Mkasi alisema. "Ingieni, mkae katikati ya kiti, msiguse chuma."

Wifi alikuwa analia, maji yamechanganyika na kamasi. "Na funguo, wifi? Funguo anazo yeye."

Mkasi alitazama juu. Hema lilionekana kileleni, bendera inapigwa na upepo. Hakuna aliyetoka.

"Basi nafuata funguo," alisema. "Simfuati yeye. Vukeni!"

Akageuka akaanza kupanda. Mguu mosi, mguu pili, anashika majani kwa vidole, pumzi inamkata. Njia nzima alikuwa anatukana. Alimtukana mdogo wake, akamtukana aliyebuni bendera, akaitukana simu iliyomfundisha mtu neno kampuni. Kisha matusi yakampitiliza mdogo wake yakamgeukia yeye mwenyewe. Nani aliyesikia ngurumo ya kwanza? Nani aliyekaa juu ya sanduku, mikono imekunjwa kama bibi harusi aliyenuna, akisubiri mchezo? Kule juu kulikuwa na mpumbavu mmoja asiyejua. Huku chini kulikuwa na wa pili aliyejua, na huyo ndiye mbaya zaidi.

Alikuwa amebakiza mteremko mfupi alipohisi tena nywele za kisogoni zinasimama. Alichuchumaa papo hapo, miguu pamoja, kichwa katikati ya magoti, mikono masikioni, kama mwalimu yule alivyowachuchumaza ukumbini watu wakacheka.

Dunia ikawa nyeupe. Sauti haikuja baada yake, ilikuja ndani yake, ikampiga kifuani ikamwangusha ubavu. Alipofungua macho hakusikia mvua, alisikia filimbi tu masikioni. Kulikuwa na harufu ya turubai iliyoungua.

Hema lilikuwa bado limesimama. Bendera haikuwepo, na mahali ilipokuwa palikuwa na tundu jeusi lisilozidi kiganja, la tabaka la juu tu. Mkasi aliingia akitambaa.

Mdogo wake alikuwa amelala chali karibu na nguzo. Kiatu kimoja kilikuwa mbali, kimepasuka. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Na pale pembeni ya kichwa chake, leso ilikuwa imetandikwa vilevile alivyoiacha, nyeupe, kavu. Hema halikuvuja.

Mkasi aliweka sikio puani mwake. Hakuna kitu. Alikumbuka watu wa ule msiba, walivyosimama duara kuwatazama waliolala, kila mmoja anamkataza mwenzake, usimguse, ana umeme huyo, utakufa na wewe. Wakawaacha mpaka wakawa maiti kweli. Mwalimu alikuwa amepiga meza aliposimulia hilo: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mshike, moyo wake umesimama tu, uamshe.

Akamshika. Akapanga viganja juu ya kifua chake, kimoja juu ya kingine, akakandamiza kwa uzito wake wote. Mikono ile ilikuwa imekata turubai zito maisha yake yote, na sasa iliingia kazini bila kuombwa.

"Mkurugenzi," alisema akikandamiza. "Mkurugenzi wa paka. Pumua. Kichwa maji we. Pumua. Utamwambia nini mkeo? Pumua." Kitu kikavunjika chini ya viganja vyake, kwa mlio mdogo. Hakuacha. Akambana pua, akampulizia pumzi mdomoni, akarudi kifuani. "Leso yako kavu. Umeona? Umefurahi? Pumua, mjinga wewe, pumua!"

Radi nyingine ikapiga mbali kidogo, hema likawaka kijani. Mabega yake yalikuwa yanawaka moto. Matusi yakamwishia. Hakujua kwamba yanaweza kuisha. Alipoyatafuta hakupata hata moja, akabaki na jina la zamani ambalo hakulitamka tangu mama yao alipozikwa, jina alilomwita akimbeba mgongoni, yeye mwenyewe mtoto.

"Kitinda," alisema. "Kitinda changu, pumua. Kitinda."

Alikuwa analia kwa sauti, mdomo wazi, na hakukuwa na wa kumwona ila leso.

Kifua kikanyanyuka. Kikashuka. Kikanyanyuka tena, kwa mkwaruzo, kama mashine kuukuu inayowashwa asubuhi ya baridi. Mkurugenzi alikohoa, akafungua macho yasiyotazama popote. Midomo ikacheza. Mkasi akainama ili asikie.

"Limevuja?" alinong'ona.

"Halijavuja," Mkasi alisema. Akajipangusa kamasi kwa mkono, akachomoa mkasi kiunoni. "Ila nalikata."

Na akalikata. Aliingiza chuma kwenye ukuta mzuri wa hema lile, akapasua juu mpaka chini, akapindisha kona, akapasua tena. Mdogo wake alitoa mguno ambao radi haikuwa imeutoa. Miguu yake haikumsikia, kwa hiyo Mkasi alimviringisha kwenye lile pande la turubai, akafunga kamba ya hema kwenye kona zake, akaipitisha kifuani mwake mwenyewe na kuanza kuteremka kinyumenyume. Turubai liliteleza juu ya majani mabichi kana kwamba limeshonwa kwa kazi hiyo. Hata katika hali ile alitambua kwamba mishono ilikuwa imara. Hakuna uliofumuka.

Kijito kilikuwa kimefika kiunoni na kinanguruma. Mkasi alisimama ukingoni, akajua kwamba peke yake havuki. Hapo ng'ambo akaona mtu anaingia majini. Alikuwa mpiga picha, shati halina kifungo hata kimoja, viatu vyeupe havijulikani viliko. Alikuja akiyumba, maji yanampiga ubavu, akafika na kushika upande wa miguu.

"Umerudi kufanya nini?" Mkasi alimfokea, kwa kuwa hakujua sauti nyingine.

"Nilikuona peke yako, mama," alisema, meno yanagongana.

Mkasi hakumuuliza mama yako nani. Walimnyanyua juu ya mabega, pande la turubai na yote, wakavuka hatua kwa hatua, wanapapasa mawe kwa nyayo. Mara moja Mkasi aliteleza maji yakamfika kidevuni, na mpiga picha akamdaka kwapani bila kumwachia mgonjwa. Wifi aliruka kutoka kwenye pikapu kuwapokea, wakamlaza mumewe kwenye kiti, wote wanne wakabanana ndani kama nguo sandukuni. Mkasi alitoa funguo kwenye mfuko wa mdogo wake akampa wifi.

"Siruhusiwi kuendesha," wifi alisema. "Anasema nina woga."

"Hivi sasa hasemi kitu. Endesha."

Wifi akaendesha. Aliendesha kwenye tope na mvua, meno ameuma, hakugeuza shingo, wala hakumuuliza mtu njia. Walifika kwenye kituo cha afya wakiwa wamejaa matope mpaka nyusi.

Daktari wa zamu alimpima Mkurugenzi, akamchunguza alama nyekundu zilizomchora begani kama matawi, akapiga picha ya kifua. Kisha akatoka nje kwenye benchi.

"Nani aliyemkandamiza?"

"Mimi," Mkasi alisema.

"Umemvunja mbavu mbili."

"Alistahili tatu."

Daktari alimtazama kidogo. "Usingemvunja, tungekuwa tunazungumza mambo mengine," alisema. "Kaa chini, mama."

Mkasi akakaa. Wifi akaja akakaa naye, akaegemeza kichwa begani mwake, na Mkasi hakukiondoa.

Mkurugenzi alirudi karakanani baada ya wiki kadhaa. Sikio la kushoto lilikuwa limezimika, mkono mmoja ulikuwa unatetemeka akiinua kikombe. Alikuta kibao cha KAMPUNI kipo, akakitazama kwa muda, akakiacha. Lakini kijana wa duka la vifaa alipopita akamwita fundi, aliitika. Kwenye kila hema alianza kushona kitambaa kidogo mlangoni: HALIVUJI. NGURUMO IKILIA, TOKA. Wateja walicheka wakamuuliza ni mfanyabiashara gani anayewaambia watu watoke kwenye hema lake. Aliwajibu kwamba ni yule aliyebaki ndani.

Mkasi aliendelea kumbeua. Vinginevyo asingejua la kufanya na mdomo wake. Alimwambia anashona polepole kama konokono mwenye mimba, akamwambia sikio lililozimika ndilo lililokuwa zuri. Kila mtu alipomuuliza jinsi alivyorudi kileleni radi inapiga, jibu lake lilikuwa moja. Alifuata funguo za gari. Huyo mwingine alimkuta tu.

Mchana mmoja mdogo wake alichukua bisibisi na kitasa kipya, akatoka nje kwenye pikapu. Alikuwa ameamua kutengeneza mlango wa abiria, sasa kwa kuwa mkewe ndiye aliyeendesha siku zote na yeye akakaa upande huo. Mkasi alimsikia anagonga gonga, kisha hakumsikia tena. Alipoinua macho, mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mkanda wa turubai umemning'inia mkononi.

"Dada," alisema. "Siku ile, wale wawili walipofika garini, waliingiaje?"

Mkasi alikuwa katikati ya kukata, turubai refu la kijani juu ya meza.

"Mlango huu haujawahi kufungwa kwa ufunguo. Mkanda uliushona wewe." Alikuwa anazungumza taratibu, sikio zima amelielekeza kwake. "Hukuhitaji funguo za kujikinga na radi."

Paka aliruka kutoka kwenye mashine. Mkasi, mwenye jibu la kila mtu, aliinamia meza akaendelea kukata, mkasi unakwenda, unakwenda, mpaka alipofika mwisho wa kitambaa ndipo alipoona kwamba mstari wote umekwenda upande. Pande zima la turubai limeharibika. Tangu alipoanza kukata kwenye meza ile, jambo hilo halikuwahi kumtokea.

Mdogo wake aliuona mstari. Akauona na uso wa dada yake. Aliweka kitasa kipya juu ya rafu, kwenye boksi lake, akarudi nje na mkanda, akaufunga mlango kama ulivyokuwa.